Masta ya uuguzi kwa ada kubwa: Ulizeni kazi kabla ya kuuza shamba

Siku hizi barua ya udahili huingia kwanza kwenye simu. Binti ambaye tayari ni afisa muuguzi, mwenye shahada ya kwanza na miaka kadhaa ya zamu za usiku, amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili katika chuo chenye jina. Haipiti saa moja habari imeshafika Ngara mjini, Rulenge, Kabanga na kwa shangazi aliyeko Nyakanazi. Pongezi zinamiminika. Kisha mtu anafungua ukurasa wa pili, ule wa ada, na nyumba inatulia.

Kwa familia nyingi za wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, ukurasa huo una maana ya kahawa ya misimu kadhaa, ng'ombe wawili watatu, au kipande cha shamba. Una maana pia ya ada ya mdogo wake aliyeko kidato cha tano, ambaye bado hajapata hata cheti kimoja cha kumpatia kazi.

Swali linaloulizwa sebuleni huwa moja: je, inalipa? Wengi hulitafutia jibu katika jina la chuo. Lakini jibu liko katika kazi inayomsubiri muuguzi huyo siku atakayorudi na cheti chake. Kazi hiyo familia inaweza kuijua mapema, kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Ngazi ya nne si sawa na zile tatu

Wazazi wengi wameshuhudia jinsi elimu ya uuguzi inavyobadili maisha ya mtoto. Astashahada huchukua miaka miwili, stashahada mitatu, na shahada ya kwanza minne, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Kila ngazi ina cheo chake serikalini. Mwenye astashahada ni muuguzi, mwenye stashahada ni afisa muuguzi msaidizi, na mwenye shahada ni afisa muuguzi. Mishahara yao pia imepishana.

Kwa uzoefu huo, mzazi huona kwamba kila cheti kipya huja na mshahara mpya. Ndiyo maana masta nayo huonekana kama ngazi nyingine ya kawaida.

Mambo hubadilika hapo. Ngazi tatu za kwanza ndizo zinazompa mtu haki ya kufanya kazi, kwa sababu bila mojawapo hakuna leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Mwenye shahada ya kwanza tayari ana leseni hiyo. Masta humwongezea ujuzi wa eneo moja kwa kina, utafiti, ualimu na uongozi. Faida ya fedha huja pale tu mwajiri anapokuwa na nafasi inayohitaji ujuzi huo na yuko tayari kuulipia.

Hospitali ya rufaa yenye wodi ya wagonjwa mahututi inaweza kuwa na nafasi hiyo. Chuo cha uuguzi kinachotafuta mkufunzi kinaweza kuwa nayo pia. Kituo cha afya chenye wauguzi wachache, ambako mtu mmoja anazalisha, anachoma sindano za watoto na kufunga vidonda siku hiyo hiyo, huenda kisiwe nayo, ingawa kazi ni nyingi kuliko mahali pengine popote.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ada iliyoandikwa kwenye barua ni sehemu tu ya gharama. Familia ichukue daftari na kuandika mistari hii yote: ada ya miaka miwili, usajili na mitihani, chumba, chakula, nauli za kwenda na kurudi, kompyuta mpakato, gharama za utafiti na uchapaji wa tasnifu, na mshahara au posho atakazokosa akiwa masomoni.

Mstari wa utafiti husahaulika sana. Mwanafunzi wa uzamili huandika tasnifu. Anahitaji kibali cha maadili ya utafiti, nauli za kwenda kukusanya taarifa, wasaidizi, na wakati mwingine mtu wa kumsaidia takwimu. Mwaka wa pili ndio unaomeza fedha hizo, na ndio mwaka ambao familia huwa imeshachoka.

Chukulia mfano huu wa kujifunzia hesabu. Tarakimu zake zimewekwa kuwa rahisi kujumlisha, na si ada ya chuo chochote. Ada ni shilingi milioni 7 kwa mwaka, yaani milioni 14 kwa miaka miwili. Chumba na chakula ni 400,000 kwa mwezi, yaani milioni 9.6 kwa miezi 24. Utafiti ni milioni 3. Nauli ni milioni 1. Kompyuta na mahitaji mengine ni milioni 1.4. Jumla ni milioni 29.

Sasa chukulia kwamba akirudi, kinachoongezeka mkononi baada ya makato ni 200,000 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 2.4 kwa mwaka, na itamchukua takribani miaka 12 kurudisha milioni 29. Kama katika miaka hiyo miwili alikosa mshahara wa 700,000 kwa mwezi, ongeza milioni 16.8. Deni linakuwa milioni 45.8, na miaka ya kulirudisha inafika 19.

Chukulia pia chuo cha karibu zaidi, chenye ada ya milioni 4 kwa mwaka na maisha ya 250,000 kwa mwezi. Ada ni milioni 8, maisha milioni 6, utafiti milioni 2, nauli 600,000, na kompyuta na mengine milioni 1.4 ileile. Jumla ni milioni 18. Kwa nyongeza ileile ya mshahara, miaka inashuka hadi saba na nusu.

Umri nao uingie kwenye daftari. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Anayeanza masta akiwa na miaka 29 ana muda wa kuvuna. Mwenye miaka 44 na watoto wawili sekondari anahitaji sababu nyingine zaidi ya mshahara.

Mwajiri kwanza, chuo baadaye

Jambo lililobadili hesabu hiyo kuliko yote ni mshahara wa miaka miwili. Kwa hiyo safari ya kwanza ya muuguzi aliyedahiliwa iwe kwenda ofisi ya utumishi, hata kabla ya benki.

Muuguzi wa halmashauri ambaye amethibitishwa kazini na kupewa ruhusa ya masomo kwa maandishi kwa kawaida huendelea kupokea mshahara wake. Anayeondoka kwa kuaminiana tu na bosi wake yuko hatarini. Katika utumishi wa umma, kutokuwepo kazini siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Bosi aliyesema "nenda tu" anaweza kuhamishwa mwezi unaofuata, na barua haipo.

Hali hutofautiana katika hospitali za dini, ambazo zimebeba mzigo mkubwa wa huduma katika eneo hili kwa miaka mingi, kama Murgwanza ya Kanisa Anglikana na Rulenge ya Kanisa Katoliki. Humo unaweza kukuta watumishi wawili wenye sare moja na zamu moja, mmoja analipwa na Serikali, mwingine na kanisa. Wa kwanza ataomba ruhusa halmashauri. Wa pili anategemea mkataba wake na uwezo wa hospitali. Anaweza kupewa likizo bila malipo, au kusomeshwa kwa sharti la kurudi kufanya kazi miaka kadhaa. Sharti hilo lisomwe mstari kwa mstari kabla ya kusainiwa, na baba au mama asione aibu kuomba asomewe.

Katika ofisi hiyo ya utumishi yapo maswali manne ya kuuliza, na majibu yake yawe kwenye karatasi. Je, masomo haya yamo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri? Mshahara utaendelea? Akirudi atapangiwa kazi gani na wapi? Cheti hiki kitambadilishia cheo au mshahara, na kwa utaratibu upi?

Swali la nne lina uzito wa pekee. Kubadilishiwa cheo serikalini hutegemea ikama na bajeti, kwa hiyo mtu anaweza kurudi na cheti mkononi na bado akasubiri nafasi itengwe. Anayelijua hilo mapema hupanga maisha yake. Asiyelijua hukopa akitegemea nyongeza ya mwezi wa kwanza.

Na mikopo ipo tayari kumpokea. Mtumishi aliyesoma shahada ya kwanza kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi amalize. Akiongeza mkopo wa benki, sheria inataka abaki na angalau theluthi moja ya mshahara. Theluthi hiyo ndiyo atakayoishi nayo mjini, alipe chumba, na atumie nyumbani. Familia iangalie hati ya mshahara ya miezi mitatu iliyopita kabla ya kusema "atakopa".

Jina la chuo linasaidia wapi

Chuo chenye jina si udanganyifu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho mizizi yake ni shule ya tiba iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1963, hutoa uzamili wa uuguzi katika maeneo kama huduma kwa wagonjwa mahututi na majeruhi, afya ya akili, na ukunga na afya ya wanawake. Mwanafunzi wake hujifunzia ndani ya hospitali ya taifa, akiona wagonjwa ambao Ngara angewaona mmoja kwa mwaka. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza kufundisha wauguzi Afrika Mashariki mwaka 2001, kikiwalenga waliokwisha kuajiriwa waliotaka kujiendeleza.

Jina la namna hiyo lina kazi. Humsaidia anayetaka kuwa mhadhiri, mtafiti, au kiongozi katika hospitali ya rufaa na mashirika ya kimataifa. Humsaidia pia anayetafuta ufadhili wa uzamivu baadaye, kwa sababu wasimamizi wake wanajulikana na barua zao zinasomwa.

Kwa muuguzi anayerudi wodi ya wazazi ya kituo kilekile cha afya, jina hilo halimwongezei kitu ambacho chuo kingine kilichoidhinishwa kisingempa. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hatauliza mkunga alisomea wapi. Anachohitaji ni mikono inayojua la kufanya dakika hiyo.

Utaratibu wa masomo nao una upande wake. Kozi zinazomruhusu mtu kusoma huku akiendelea na kazi zinamfaa nesi wa Ilala au Kinondoni anayeweza kupanda daladala hadi darasani. Aliyeko Murgwanza au Nyakahura yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na kwake "kusoma huku ukifanya kazi" kunaweza kugeuka kuwa kuacha kazi. Aulize ni siku ngapi kwa mwezi lazima awepo ana kwa ana.

Kinachohitajika nyumbani

Ipo hoja nyingine ambayo haimo kwenye daftari la fedha, na wazazi wa wilaya hizi wanaielewa kuliko watu wa mbali. Huku ni mpakani. Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka kutoka Rwanda kupitia Rusumo katika muda wa takribani siku moja, na kambi ya Benako ikawa mji. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo bado yanapita Lusahunga na Nyakanazi usiku na mchana, na ajali huja nayo.

Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa mkoani Kagera. Kitovu kilikuwa Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, 2025, wagonjwa 2 waliothibitishwa na 8 waliodhaniwa kuwa nao walikuwa wamefariki, wote 10. Miaka miwili kabla, mwaka 2023, ugonjwa huohuo ulikuwa umeingia wilaya ya Bukoba, wagonjwa 9 wakapatikana na 6 wakafariki.

Katika milipuko kama hiyo, mtu wa kwanza kumgusa mgonjwa mara nyingi ni nesi. Akijua kutilia shaka homa isiyo ya kawaida, akavaa kinga, akamtenga mgonjwa na kupiga simu, anaokoa wodi nzima pamoja na familia yake mwenyewe. Hivyo ujuzi wa huduma za dharura, kinga ya maambukizi na wagonjwa mahututi si anasa ya mjini.

Ukunga ni hivyohivyo. Takwimu za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Kushuka huko kunahusu pia vituo vya afya vilivyopata vyumba vya upasuaji na usafiri wa dharura, na watu wenye ujuzi wa kuvitumia.

Kwa hiyo binti anayesema anataka kusomea ukunga au wagonjwa mahututi ili arudi Kagera ana hoja nzito. Kazi ya familia ni kumsaidia atafute njia ya kuupata ujuzi huo bila kuacha nyumba mikono mitupu.

Njia tatu ambazo barua haizitaji

Ya kwanza ni Mwanza. Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi kipo Bugando, kwenye hospitali ya kanda inayopokea rufaa za Kagera. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lifunguliwe Juni 2025, safari ya kutoka Biharamulo haisubiri tena kivuko. Mama mwenye mtoto mdogo anaweza kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, jambo ambalo Dar es Salaam ni ndoto. Kabla ya kuamua, aangalie kama chuo kina eneo la ubingwa analolitaka, si jina la shahada tu.

Ya pili ni ng'ambo ya mto. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni takribani kilomita 160, na Chuo Kikuu cha Rwanda kina uzamili wa uuguzi wenye maeneo kadhaa ya ubingwa. Anayefikiria njia hiyo, au ya Uganda na Burundi, ahakikishe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwamba cheti kitatambuliwa, kisha aulize Baraza la Uuguzi na Ukunga kuhusu usajili wa ujuzi huo mpya. Cheti kisichotambuliwa nyumbani ni hasara hata kama ada ilikuwa ndogo.

Ya tatu ni kozi za utaalamu za muda mfupi. Vituo vingi vya afya nchini vilijengewa vyumba vya upasuaji, na chumba cha upasuaji hakifanyi kazi bila mtu wa dawa za usingizi. Hospitali kubwa kama KCMC na Bugando zimekuwa zikiwafundisha wauguzi kazi hiyo kwa kozi ya takribani mwaka mmoja. Muuguzi wa namna hiyo anahitajika wilayani kesho asubuhi. Wapo wanaoanza hapo, wakafanya kazi miaka kadhaa, kisha wakaomba masta wakiwa na uzoefu unaowavutia wafadhili.

Na ufadhili utafutwe kabla ya mnunuzi wa shamba. Wizara ya Afya hutangaza ufadhili wa masomo ya ubingwa na ubobezi. Uingereza hutoa ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na Ujerumani hutoa kupitia DAAD. Maombi yake huanza miezi mingi kabla ya masomo, na ndiyo sababu kuahirisha mwaka mmoja kunaweza kuokoa milioni kadhaa. Vyuo vingi humruhusu aliyedahiliwa kuomba kuahirisha, ilimradi aandike barua mapema na apate jibu.

Ahadi ya Ulaya

Wapo wanaosema masta ya chuo kikubwa ni tiketi ya Uingereza, Marekani au nchi za Ghuba. Hapa pana mambo mawili ya kutenganisha.

Kinachomruhusu muuguzi kufanya kazi Uingereza ni usajili wa baraza la uuguzi la huko, wenye mtihani wa nadharia, mtihani wa vitendo na kipimo cha Kiingereza. Marekani ina mtihani wake, NCLEX. Masta si sharti la lolote kati ya hayo, na wengi huanza kwenye ngazi ya kawaida ya muuguzi hata kama wana shahada mbili. Mwenye shahada ya kwanza, leseni safi na uzoefu wa wodi tayari anaweza kujaribu.

Pili, Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, iliyotolewa mwaka 2023. Uingereza hairuhusu mawakala wake kuja kuwasaka wauguzi katika nchi za orodha hiyo, ingawa muuguzi mwenyewe anaweza kuomba kazi moja kwa moja. Kwa hiyo wakala anayepiga simu Ngara akidai ana nafasi za wauguzi Uingereza na anataka "ada ya usajili" leo jioni, azimiwe simu. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ndiyo ofisi ya kuulizia kazi za nje.

Kikao cha familia

Anayeamua ni muuguzi mwenyewe. Ni mtu mzima, mara nyingi ana mume na watoto, na wakwe wana neno lao. Mzazi anayesema "nimekusomesha, utafanya nitakavyo" humfanya binti afiche barua inayofuata. Mzazi anayesema "tutauza kila kitu, wewe nenda" humbebesha deni ambalo hakuliomba.

Kikao kizuri huwa na watu wachache na daftari moja. Mume aseme wazi kama yuko tayari kubaki na watoto miaka miwili. Bibi aulizwe, asipangiwe, kama nguvu zake zinaruhusu kulea mjukuu wa miaka mitatu. Wadogo wa muuguzi wahesabiwe kwa majina na mwaka ambao kila mmoja atahitaji ada. Fedha za kahawa huja kwa msimu, ada ya chuo hudaiwa kwa muhula, na pengo la miezi kati yake lazima liwe na jibu lisilo mkopo wa mtaani.

Likija suala la shamba, watu wasimame kidogo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi yenye hakimiliki ya kimila haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji, na mwenzi wa ndoa ana haki ya kushirikishwa. Mauzo ya haraka kwa ndugu au jirani bila utaratibu huo huzaa kesi ambayo itaendelea hata baada ya mahafali. Shamba linalolisha nyumba lisiuzwe kwa nyongeza ya mshahara ambayo haijaandikwa popote. Kama lazima, kukodisha ekari moja kwa misimu miwili huacha mlango wa kurudi.

Familia ikishajaza daftari lake, uamuzi huanza kujionyesha. Kama mwajiri ametoa ruhusa kwa maandishi na mshahara unaendelea, kama eneo la ubingwa lina kazi inayojulikana, na kama ada ya wadogo haiguswi, chuo chenye jina kinastahili gharama yake na binti aende akiwa na amani. Kama mshahara utakatika na nafasi ya kazi haijulikani, chuo cha karibu, kozi ya mwaka mmoja au kusubiri ufadhili ni uamuzi wa busara, na hakuna aibu ndani yake.

Barua ya udahili ina tarehe ya mwisho ya kuthibitisha. Kabla ya tarehe hiyo, muuguzi anaweza kwenda ofisi ya utumishi na maswali yake manne, akaomba majibu yenye mhuri, na kuyaleta nyumbani kabla mtu hajazungumzia bei ya shamba.